Shughuli moja ya kudumu au nyingi za kuonja?

Ratiba ya mtoto wa darasa la nne jijini Dar es Salaam inaweza kubeba tuisheni siku tatu, madrasa jioni, kuogelea Jumamosi na karate Jumapili. Mzazi analipia kote, na hakuna hata kimoja kilicho kibaya. Cha kujiuliza ni kipi kikiondolewa mtoto atapungukiwa, na kipi kikiondolewa ataongeza usingizi tu.

Usingizi wenyewe una hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule lazima awe amelala saa 2 usiku ili azipate hata hizo 9. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hasa. Sasa weka foleni. Somo la saa 1 la kuogelea Masaki, kwa anayeishi Mbagala, linakula asubuhi nzima. Ndiyo maana timu ya shule au ya mtaa, hata kama kocha wake hajulikani, mara nyingi huishinda klabu ya mbali: mtoto anahudhuria, na haji amechoka.

Wanaotaka mtoto ashike jambo moja mapema hukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kwenye muziki wana hoja nzito. Vidole na masikio hujengwa kwa marudio, na dakika 15 au 20 kila siku nyumbani humfikisha mtoto mbali kuliko saa 2 za Jumamosi peke yake. Lakini hapo panahitaji ala nyumbani. Kinanda cha vibonye 61 kinatosha kwa miaka ya mwanzo. Bila hicho, kila somo huanza kwa kukumbushana la wiki iliyopita, na mzazi huishia kusema mtoto hana kipaji.

Kwenye michezo mizani inaelemea upande wa pili. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asibanwe na mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, na apumzike siku 1 au 2 kila wiki. Mwendo uleule ukirudiwa mwaka mzima huumiza visigino na magoti ambayo mifupa yake bado inakua, na wengi huuchoka mchezo kabla hawajafika umri wa kushindana kweli. Kuogelea ninakuweka kando na mabishano haya, kwa kuwa kunaokoa maisha. Kila mtoto aliyefika umri wa shule ajifunze, awe na kipaji au asiwe nacho. Kabla ya kulipa, hesabu vichwa bwawani. Watoto 15 wanaopokezana kwa kocha mmoja ndani ya saa 1 wanapata dakika 4 kila mmoja.

Tuisheni ni ngumu zaidi kuihukumu. Kenya iliipiga marufuku wakati wa likizo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini marufuku hayaondoi hofu ya mtihani, na mzazi ambaye mwanawe yuko kwenye darasa lililofurika hakosei kuhofu. Tuisheni ya somo moja alilobaki nyuma, yenye tarehe ya kuisha, ina maana. Ya masomo yote, mwaka mzima, inarudia darasa lilelile kwa mtoto aliyechoka.

Gharama isiwatishe wenye kipato kidogo. Huko Katwe, Kampala, Phiona Mutesi alijifunzia sataranji kwenye programu ya Robert Katende, ambako watoto walipewa na uji, akafika kwenye Olimpiki ya sataranji. Kwa Tanzania, timu ya shule ya msingi ndiyo njia ya kuingia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi.

Mtoto akitaka kuacha, wapo wanaomlazimisha na wapo wanaomwachia papo hapo. Kinachofaa zaidi ni kukubaliana naye kabla ya kuanza kwamba atamaliza muhula, kisha achague. Katikati, chunguza kinachomkera. Mtoto wa miaka 7 anayepewa mpira namba 5 huumia mguu na kuuchukia mpira wa miguu. Saizi yake ni namba 3, na namba 4 ni ya miaka 8 hadi 12. Mara nyingi tatizo ni viatu, au mwenzake anayemcheka.

Hilo la kumaliza muhula lina mpaka mmoja. Kocha akizuia wazazi kutazama mazoezi, akimtumia mtoto ujumbe wa faragha au akitaka kubaki naye peke yake, mtoe siku hiyohiyo, hata kama ada yote imeshalipwa.