Msimwite mchapakazi tu

Baba alipofariki, sisi wanawe tulikaa kuandika wasifu wake. Ilituchukua dakika kumi. Alikuwa mchapakazi, mpenda familia, mcheshi, mtu wa watu. Dada akausoma kwa sauti mpaka mwisho, na hakuna aliyetokwa na chozi. Hapo nikajua tumekosea. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini ungeweza kuliondoa jina la baba ukaweka la mwanamume mwingine yeyote, na wasifu usingepungukiwa na kitu.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja: fundi akifa, itajwe kazi yake. Si jina la kazi tu. Isemwe aliifanyaje, alikuwa akiangalia nini, alikataa nini. Mwalimu huacha wanafunzi wanaomtaja, mwandishi huacha vitabu vyenye jina lake. Seremala haandiki jina lake mlangoni. Watu wataufungua na kuufunga mlango huo miaka hamsini bila kujua ulitoka mikononi mwa nani. Tusiposema sisi tuliomwona akiinama juu ya meza ya kazi, basi hakuna atakayesema.

Kwa hiyo naanza na mlango.

Mlango wa mbao ngumu una fremu, na katikati ya fremu kuna paneli. Fremu huungwa kwa ulimi na tundu: ncha ya mbao moja inachongwa iwe ulimi, nyingine inatobolewa kwa patasi, kisha zinapachikwa na kutiwa gundi. Paneli hukaa ndani ya mfereji uliochimbwa kuizunguka fremu yote. Nikiwa mdogo nilidhani na yenyewe inatiwa gundi. Baba akanizuia mkono. Mbao, aliniambia, hata ikishakauka haiachi kupumua. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, hewa ikikauka inasinyaa, na inafanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu haiendi popote pa kuonekana. Ukiibana paneli kwa gundi pande zote, itatafuta nafasi na kuikosa, na siku moja utasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, kisha utaona ufa umeshuka toka juu hadi chini. Ndiyo maana paneli huachwa huru mferejini, na nafasi ndogo kila upande. Mteja haioni nafasi hiyo. Wala hailipii.

Sijui niliusikia mara ngapi ufafanuzi ule. Aliutoa kwa kila mwanafunzi aliyeingia karakanani, kwa maneno yaleyale, na sisi tukiwa nyumbani tuliweza kuukariri. Neno fundi lina undugu na kufunda, na kwa baba undugu huo ulikuwa hai. Hakuwa na siri za kazi. Aliyetaka kujifunza kuinoa randa alifundishwa siku hiyohiyo, hata kama kazi ya mteja ilikuwa inasubiri.

Sasa nije kwenye familia, maana hapo ndipo maneno yetu ya wasifu yalipokuwa mepesi kupita kiasi. "Mpenda familia." Alipendaje? Baba hakuwa mtu wa maneno matamu. Sikumbuki akituambia kuwa anatupenda. Nakumbuka akitupima.

Kila mtoto alikuwa na kigoda chake, na kigoda hakikutengenezwa kwa kukisia. Alikuketisha, akashusha futi kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, akaandika namba kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Alitaka nyayo zako zitue chini zote mbili. Miguu ya mtoto ikining'inia, alisema, mtoto hatulii, na mtu asiyetulia hawezi kusoma. Ukirefuka, kigoda kilirudi karakanani kikaongezewa vipande chini ya miguu, vikapigwa msasa mpaka huoni kiungo. Changu kiliongezwa mara tatu. Kiti cha mtu mzima kwa kawaida kina kimo cha sentimita 45 hivi na meza yake sentimita 75, na mafundi wengi hutengeneza kwa vipimo hivyo bila kuuliza nani atakaa. Si kosa, ni vipimo vilivyothibitika. Ila baba hakuvitumia nyumbani kwake hata mara moja.

Mama aliwahi kulalamika mgongo. Wakati huo meza yake ya jikoni ilikuwa ya kimo cha kawaida, na yeye ni mwanamke mrefu. Baba hakusema kitu. Jioni moja alimwambia asimame wima, akunje mkono, akapima kutoka kiwiko hadi sakafuni. Akatoa sentimita 12. Meza mpya ilipofika ilionekana ya ajabu. Shangazi zetu walipokuja walisema ni ya majitu. Ilikuwa ya mama peke yake, na mgongo ukatulia. Wanasema mganga hajigangi, na nimeziona nyumba za mafundi ambako milango inaning'inia bawaba moja. Kwetu haikuwa hivyo. Hata upande wa nyuma wa droo, unaotazama ukuta, ulipigwa randa.

Kuna jambo moja nalitaja kwa uchungu, kwa kuwa kumkumbuka mtu kwa haki ni kumkumbuka mzima. Baba hakujilinda. Mashine ya randa inapiga kelele zinazovuka desibeli 85, kiwango ambacho mtu akikaa nacho saa nane kila siku masikio yanaanza kufa polepole. Alifanya kazi bila vizibo vya masikio karibu maisha yake yote. Sikio la kushoto likaondoka kwanza. Mama akahamia kulia kwake mezani, na hakuna aliyelizungumzia. Kuhusu vumbi ilikuwa vilevile. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya tundu la pua. Nilipomweleza, aliwanunulia wanafunzi wake barakoa wiki hiyohiyo. Yeye aliivaa siku mbili, akasema inamzuia kuinusa mbao.

Namlaumu kwa hilo. Mtu aliyekuwa tayari kutengeneza meza upya kwa ajili ya mgongo wa mke wake, kwa nini pua na masikio yake mwenyewe hayakustahili uangalifu uleule? Tulitaka kumsikia akiongea nasi uzeeni bila sisi kupaza sauti. Kama wewe ni fundi na una watoto, wana haki na masikio yako. Yavalie kinga kesho asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Wasifu tuliuandika upya. Tuliweka kigoda, tukaweka sentimita 12, tukaweka nyuma ya droo. Kaka alihofia watu wangeona tunahesabu mbao badala ya kumlilia mzazi. Siku ya mazishi, aliyekuwa akisoma alipofika kwenye meza ya jikoni alisimama, akavua miwani, akaomba maji. Umati wote ulikaa kimya ukimsubiri.

Wiki mbili baadaye tulifungua karakana. Maranda yalikuwa bado sakafuni. Juu ya meza kulikuwa na mlango wa mteja, fremu imeungwa pande tatu na bado iko kwenye jiriwa, paneli imeegemezwa ukutani, imepigwa msasa tayari. Kaka ni mhasibu, lakini alikulia humo kama sisi sote, akasema ataumalizia. Aliitelezesha paneli mferejini, ikaingia laini bila kusukumwa. Kisha akanyoosha mkono kuchukua chupa ya gundi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Maisha yake yote hajawahi kushika patasi.

"Hapo usitie gundi, mwanangu," akasema. "Tia kwenye ulimi tu. Hiyo iache."