Daraja la mshazari huumia pembeni, si katikati

Barabara ikikata reli au mto kwa mshazari, wachoraji wengi huchukua mchoro wa daraja lililonyooka, huusukuma upande kidogo, halafu huongeza vyuma vya chini katikati eti kwa usalama. Kwa maoni yangu, pesa hiyo huwekwa pasipouma.

Tuchukue bamba la betoni la mita 12 kufuata barabara, upana mita 10, mshazari wa digrii 45. Kuta mbili zinazolibeba ziko mbali kwa mita 8.5 tu ukipima moja kwa moja kutoka ukuta hadi ukuta. Uzito haujali barabara inaelekea wapi, huenda kwenye ukuta ulio karibu. Tena, pembe butu mbili (kona pana) zimeachana mita 10.2, pembe kali mbili (kona nyembamba) mita 24.2. Ndiyo maana bamba hili hupinda katikati kidogo kuliko lililonyooka la mita 12, lakini husokotwa, na pembe butu hubeba zaidi ya fungu lake. Kanuni za madaraja za Marekani, AASHTO LRFD, zinakubali kupunguza momenti (nguvu ya kupinda) ya mihimili kuanzia mshazari wa digrii 30, lakini zinadai kuongeza nguvu ya kukata kwenye pembe butu. Hilo la kwanza kila mtu analikumbuka.

Sasa weka juu yake kamio inayotoka Lubumbashi kwenda mpakani Kasumbalesa na shaba. Mita moja ya ujazo ya shaba ina karibu tani 9, kwa hiyo tani 30 hazijazi hata mita za ujazo 4. Trela inaonekana karibu tupu, kumbe ekseli tatu za nyuma zinaweza kubeba tani 24. Kwa daraja fupi, ekseli hizo tatu ndizo zinazoamua, si urefu wa foleni. Na kwa kuwa Kongo tunaendesha kulia, pembe butu iliyo upande wanaopita kamio za shaba ndiyo hupigwa kila siku.

Kwa hiyo ukaguzi usianzie chini katikati. Pembe butu hupasuka juu, chini ya gudroni, mahali ambapo mchoro wa daraja lililonyooka hauna vyuma vya kutosha. Pale panahitaji vyuma vya juu vya pande mbili. Kwenye pembe kali, tazama mpira wa kuegemea (ule ulio kati ya bamba na ukuta) kamio nzito inapopita: karatasi ikipenya kati ya mpira na betoni, pembe inanyanyuka. Mpira uliolegea hutambaa hadi utoke, kisha betoni inagonga betoni.

Daraja jipya lihesabiwe kama wavu mzima wa mihimili inayokatana, si kwa ukanda mmoja wa upana wa mita 1. Mipira yenye ulaini kiasi pia husaidia, maana inabonyea kwenye pembe butu na kugawia wenzake mzigo. La zamani lisiongezewe gudroni ovyo: sentimita 5 juu ya bamba hili ni karibu tani 14, nazo hukaa hapo usiku na mchana.