Kompyuta yangu haijafa, muacheni mzee wa watu

Hivi jamani, kompyuta ikishapita miaka ishirini inakuwa imemkosea nani? Kila anayeingia sebuleni kwangu akiiona ile sipiyu, ilikuwa nyeupe zamani sa hivi ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, lazima aiguse, acheke, halafu aniulize "mzee, hii bado inawaka?" Inawaka. Pentium III, ramu 512, Windozi XP. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua vitumbua ukarudi ndo inakukaribisha, sawa, lakini inawaka, na mi sijawahi kwenda kwa mtu nikamuuliza babu yake kama bado anawaka.

Sasa mama mkwe kule Tanga anataka mkanda wa harusi ya shemeji yangu. Mambo ya simu za kupangusa hataki kuyasikia, yeye ana deki yake, anataka diski aiweke aite majirani waone nani alivaa sare na nani alikula bila kuchanga. Mpiga video kaleta kazi kwenye fleshi kaondoka zake. Raita yangu, kile kidude cha kuchomea diski, ilikuwa ya CD tu, na CD ni MB 700, hapo hata bibi harusi hajaingia ukumbini imeshajaa, wakati DVD unapata GB 4.7. Kwa hiyo inatakiwa raita ya DVD, na hapo ndo kila mtu akageuka fundi.

Mpwa wangu, bila kuuliza mtu, kaenda Kariakoo karudi na raita mpya kwenye boksi, "anko hii ni noma, inachoma spidi 24." Naigeuza nyuma, SATA, ule mtindo mpya wa kuunganisha vifaa. Vijitundu viwili vyembambaaa. Mashine yangu habari za SATA inazisikia kwa watu tu, zilianza kuingia 2003 huko, yenyewe ina IDE, mtindo wa zamani, ile kebo bapa yenye matundu 40 na umeme wa plagi ya pini nne. Tukabeba sipiyu hadi kwa fundi. Fundi hata bisibisi hajashika, "mzee tupa hii, nina nyingine hapa nikupe kwa bei ya ndugu." Yaani umpelekee fundi kiatu kimefumuka akushauri ubadilishe mguu!

Na wala si kweli kwamba haiwezi. Tupige hesabu kidogo, hesabu si uchawi. DVD ikichomwa spidi 1 inataka karibu MB 1.4 kwa sekunde. Spidi 16 ni kama MB 22. Kebo bapa ya IDE kwenye mashine ya umri huo, ikiwa kwenye DMA, yaani data inapita bila kuisumbua prosesa, inapitisha MB 33 kwa sekunde. Sasa hapo mzee kashindwa wapi? Halafu nani anakimbilia spidi 16? Mi naweka 8 kwa raha zangu, diski nzima haifiki hata robo saa.

Shemeji naye akaleta yake, ile nyembamba ya nje ya kuchomeka USB. Unachomeka, taa yake inawaka, kanalia krr krr, kanazima. "Si unaona, mashine imekufa!" Nani kasema? Tundu moja la USB linatoa miliampia 500, hako kadude kakianza kuzungusha diski kanataka zaidi, ndo maana nyingine zinakuja na waya wenye vichwa viwili. Na USB ya mashine yangu ni ile 1.1, kiuhalisia inapitisha kama MB moja kwa sekunde, hata spidi 1 ya DVD haifiki. Ukipata kadi ya PCI, ile ya kuchomeka ndani ya mashine, yenye USB 2.0 ya kasi zaidi, habari imeisha, ila mwenye kusema "tafuta kadi" hayupo, wote wanasema tupa.

Basi nikaenda kwa wale wa yuzdi wanaomwaga vitu kwenye turubai, nikachambua chini chini huko, nikaipata raita ya DVD ya IDE, vumbi tupu. Jampa, kile kipini kidogo cha nyuma, nikaiweka kwenye master ili mashine iijue kama kifaa cha kwanza kwenye kebo, kebo, plagi, washa. Mashine imeitambua hapo hapo.

XP nayo ina mambo yake, CD inachoma yenyewe lakini DVD haijui, lazima uiwekee programu ya kuchomea. Halafu ile diski ya ndani ya kutunzia mafaili ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, faili likizidi GB 4 inakuambia diski imejaa na nafasi unaiona kwa macho ipo! Nikaandika ile komandi ya convert ikageuka NTFS, mtindo unaopokea mafaili makubwa, hamna kilichopotea.

Ila shida yenyewe ya mashine yangu, na hii hakuna hata mmoja aliyeisema pamoja na makelele yote, ni kupika video. Mpiga video karekodi HD kali, deki ya mama mkwe inataka MPEG-2, mtindo wa video za DVD, na kugeuza hiyo kitu kwenye Pentium III ndo utajua kwamba mzee ni mzee. Unaiacha usiku, asubuhi imetambaa imefika kwenye ukodak wa maharusi na wazazi. Feni inalia. Nimekataza pasi, nimekataza jiko la umeme, watoto wameenda shule na nguo za makunyanzi, halafu imefika asilimia tisini na kitu luku inakata kwa sababu mama watoto "alichemsha maji kidogo tu." Kidogo tu! Anza upya.

Kuchoma kwenyewe nilipofikia, hata chai sikumaliza. Nikaifunga kabisa ile diski kwenye programu, yaani haiandikwi tena, maana usipoifunga deki nyingi zinaikataa, ikatoka ya moto, mama mkwe kapata yake na tayari kashapiga simu kulalamika kwamba yeye ameonekana mara moja tu na amefumba macho.

Na sa hivi walewale wa "bado inawaka" wanakuja na diski zao mkononi, eti niwachomee ubatizo, niwachomee mahafali. Fundi naye kanipigia, ana mteja mwenye mashine ya zamani, anauliza kama nina kebo bapa ya ziada. Ninayo. Nimemwambia anunue na kompyuta, nampa kwa bei ya ndugu.