Daftari la michoro halihitaji kupendeza

Madaftari ya michoro siku hizi yamegeuka mapambo. Jalada la ngozi, karatasi nene, ukurasa wa kwanza una ua lililochorwa kwa ustadi, wa pili umeishia nusu, wa tatu mweupe mpaka leo. Mwenyewe anaogopa kuliharibu. Kwa maoni yangu, daftari unaloogopa kuliharibu halikufai. Kazi yake si kuonyeshwa watu mtandaoni, ni kulifunza jicho, na jicho hujifunza kwa michoro mibovu mingi.

Chukua jahazi. Mwombe mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa achore jahazi kwa kichwa, na kuna uwezekano mkubwa atausimamisha mlingoti wima kama nguzo ya stima. Mpeleke Bandari ya Kale akae dakika kumi na penseli. Mlingoti umeinama kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imekaa mshazari, ncha ya chini iko mbele, ya juu imerudi upande wa tezi, nyuma. Kumbe ameyaona majahazi miaka yote bila kuyatazama! Picha ya simu isingemsaidia, maana simu hunasa ule mwinamo bila kumuuliza neno. Mkono ndio unaouliza: umeinama kiasi gani?

Jibu lina njia yake. Nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, simamisha penseli wima mbele ya mlingoti, uone pengo lililobaki kati yao. Kupima urefu ni vivyo hivyo: ncha ya penseli juu, kidole gumba kinashika chini. Kiwiko kisikunjike hata kidogo, kwa sababu kikikunjika penseli inakusogelea na kipimo chote kinabadilika. Hapo ndipo wengi hupata nyumba yenye ghorofa moja ndefu na nyingine fupi.

Milango ya Mji wa Kale ina mtego mwingine. Mtu huanza na nakshi kwa sababu ndiyo inayovutia, na akifika chini kizingiti kimekosa nafasi. Anza na miimo miwili ya pembeni na kizingiti cha juu, kisha mfaa, ule ubao wa wima katikati ya mabawa, halafu nakshi, tena kipande kimoja tu ukubwa wa kiganja. Saa nayo ina maana. Jua likiupiga mlango usoni, mifereji ya nakshi hupotea. Likipita kwa ubavu au kutoka juu, kila mfereji unapata kivuli chake. Weka alama ya mpaka wa kivuli mwanzoni na usiufuate tena, maana nusu saa tu inatosha kuuhamisha.

Vifaa visikusumbue. Penseli ya HB, nyingine ya 2B, na biro ya kawaida. Biro ina sifa moja kubwa: haifutiki, kwa hiyo mstari ukikosea unauacha na kuchora sahihi kando yake. Kasoro yake ni kufifia ikianikwa juani. Karatasi ya gramu 80, ile ya fotokopi, inatosha kwa penseli na biro lakini ukiipaka maji inakunjamana. Kwa rangi za maji za kweli tafuta gramu 300.

Pwani ina maudhi yake. Madaftari ya waya sikushauri, chumvi ya hewani huutia waya kutu na kutu huchafua kingo. Yaliyogandishwa kwa gundi tupu hulegea joto likizidi, hasa ukiyasahau ndani ya gari. Jasho la kiganja huacha mafuta yanayokataa rangi; laza kipande cha karatasi chini ya mkono. Wala usilifungie daftari kwenye mfuko wa plastiki ukidhani unalilinda. Unyevu uliomo unakosa pa kutokea, na kuvu inaingia.

Bora ushone lako. Kunja karatasi 8 za A4 kwa pamoja katikati, upate kurasa 32 za A5. Usizidishe sana, maana zile za ndani zitachomoza nje. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Pitisha uzi uliopakwa nta ya mshumaa kutoka ndani kupitia tundu la kati, uingie ndani kwa tundu la juu, ushuke moja kwa moja hadi la chini utoke nje, kisha urudi ndani kwa la kati. Funga fundo ncha mbili zikiwa huku na huku za ule uzi mrefu, la sivyo mshono unalegea. Jalada ni boksi la biskuti.

Unapochora watu barazani, omba ruhusa. Wengine hawapendi kabisa, na ni haki yao. Bandarini na kivukoni ongea na askari kwanza.

Kila ukurasa uandike tarehe na saa, hata ule uliokuudhi. Na ule uliokuudhi usiuchane. Katika daftari la kushonwa kila karatasi ina mwenzake upande wa pili wa mkunjo, ukichana mmoja, wa pili nao unaanza kuchomoka.