Ufa wa Kando ya Kabati

Mara tatu fundi amekuja nyumbani kwangu Mamboleo kuziba ufa uleule, na mara tatu nimelipa. Ufa wenyewe umesimama wima pale bodi ya jipsamu ya ukuta inapokutana na plaiwudi ya kabati. Kila akimaliza kupaka fila, ule uji mzito wa kuzibia nyufa, ukuta huwa laini kama karatasi. Mvua za Machi zikianza, ufa huo, hodi.

"Mama, fila ya leo ni kali," aliniambia mara ya tatu.

Fila haina kosa. Plaiwudi ni mbao, na mbao hunywa unyevu, nao unyevu wa ziwa hapa Kisumu haukosekani. Msimu wa mvua inavimba kidogo, Januari inanywea. Jipsamu iliyo jirani yake haitikisiki kiasi hicho. Ukizifunga pamoja kwa fila ngumu, ni fila itakayokatika. Tena fremu ya nyuma ilipigwa kwa mbao mbichi za saiprasi, bado zinanukia, ambazo zimeendelea kukauka na kujipinda ndani ya ukuta wangu. (Hilo ni langu. Nilikuwa na haraka ya kuhamia.)

Cha kuudhi ni kwamba hatua mbili kutoka hapo kuna kiungo kingine, jipsamu na bodi ya saruji ya upande wa bafu, na hicho hakijawahi kupasuka. Nilimwona fundi huyuhuyu akikitengeneza. Jipsamu ni ya milimita 12, ya saruji ni 9, kwa hiyo alipachika vipande vyembamba nyuma ya ile nyembamba mpaka nyuso zikalingana. Bodi zote mbili alizikaza kwa skrubu kwenye nguzo moja. Akabandika tepu ya wavu, akakoroga fila ya unga, ile inayojigandisha yenyewe kama saruji, akapaka tabaka tatu, kila tabaka pana kuliko lililotangulia, hadi karibu sentimita 30. Halafu msasa. Bafuni kwenyewe, chini ya vigae, fila hakuitia kabisa: alitumia gundi ya vigae na wavu usioliwa na saruji, maana fila ya jipsamu ikilowa inalainika.

Kwa hiyo kazi anaijua. Tatizo ni sisi wenye nyumba, tunaodai kila kiungo kipotee, hata kile ambacho hakina budi kucheza. Nyumba za zamani hazikuwa na aibu hiyo. Tazama silingi bodi za zamani: kila kiungo kimefunikwa kwa ufito wa mbao, na chini yake bodi inavimba na kunywea bila kumuudhi mtu. Tuliving'oa vifito hivyo tukiona ni ushamba.

Nimeamua kurudi huko. Kati ya jipsamu na plaiwudi uachwe mwanya wa milimita 3 hivi, ujazwe akriliki inayonyumbuka na kukubali rangi (silikoni ya kawaida rangi haishiki), juu yake ufito uliopigiliwa upande mmoja tu. Ukipigiliwa pande zote mbili, tumerudi palepale.

Ufito nimeshanunua. Fundi anakuja Jumamosi. Amekubali kwa shingo upande, ila ameniomba wageni wakiuliza, nisiwaambie ni kazi yake.