Baba Eliza, Shuka Kidogo

Wenye magari wanalalamika sana, lakini shida ya barabara hii ya kwetu Goba, Dar es Salaam, muulize mtu wa lifti. Mwenye gari akifika kwenye shimo ana usukani wa kushika. Mimi wa pembeni nina kile kishikio cha juu ya mlango tu, na chenyewe kimeshalegea.

Jirani yangu Baba Nasri ana Mark X, ile GRX120 iliyotoka kati ya 2004 na 2009, injini V6. Gari ya mtu mzima. Toyota waliifunga springi za upole na shokapu za upole, unapita kwenye shimo unasikia "nhu" halafu unaendelea na usingizi wako. Nilikuwa nauchapa kuanzia Goba, namaliza Makongo yote, nashtuka tumefika Mwenge mate yamefika kwenye tai. Sasa gari hiyo ndiyo mwenzangu kaiona ina kasoro. Eti ikipiga kona inalala.

Ilale! Si na mimi nilikuwa nimelala?

Akafunga koilova. Kama hujakutana nazo, shukuru Mungu, ila nikueleze maana nimefundishwa kwa nguvu. Ni shokapu iliyovaa springi yake, na mwili wake umekatwa nyuzi kuanzia chini. Springi inakalia ringi ya chuma. Ukiizungusha ringi kwa spana ya ndoano, gari inapanda au inashuka. Zile za bei mbaya zaidi, ambazo ndizo kanunua, zina kikombe cha chini kinachozunguka peke yake, unabadili kimo bila kuibana springi. Juu, ukifungua boneti, kuna kidude cha kuzungusha kwa vidole, kinalia "tik, tik, tik". Kulia unakaza, kushoto unalegeza. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari ananitangazia: "Leo nimekulegezea tik sita, utaona tofauti."

Tofauti siioni. Na siku moja nikamuuliza kwa adabu kwa nini, akajibu mwenyewe, kwa ulimi wake: kile kidude hakigusi springi. Kinabana au kuachia tundu ambalo mafuta yanapita ndani ya shokapu, basi, yaani kinaamua springi inyanyuke na kurudi haraka au polepole. Springi yenyewe ni kilo 10 kwa milimita. Ukitaka ishuke milimita moja tu lazima uikandamize kwa kilo 10. Mimi na uzito wangu wote, na hotpoti ya Mama Eliza mkononi, springi inashuka milimita chache tu, kama vile haina habari kuna mtu kaingia. Sasa hizo tik tik za asubuhi ni za nini? Salamu?

Tena gari kaishusha mpaka gurudumu limeingia kwenye fenda. Nafasi ya shokapu hizi kuzama ni ndogo, ikizama inafika kwenye kile kizuizi cha mpira, hapo ndipo unasikia "PU!" na meno yanakutana bila miadi. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, ndiyo usiseme. Tukipita kwenye rasta nikiwa naongea na simu, bosi wangu anadhani nina baridi yabisi.

Na matuta je? Kuna tuta moja karibu na shule ya msingi, TANROADS wala TARURA sijui nani kalijenga, lakini aliyelijenga alikuwa na hasira na mtu. Tukilikaribia, Baba Nasri anapunguza mwendo, anasafisha koo. "Baba Eliza, shuka kidogo, tuipunguzie uzito." Mtu mzima nashuka, nimechomekea, viatu nimepiga rangi. Nainama mbele ya bampa. "Njoo... njoo... kata kulia... simama! Kimebaki kidole kimoja!" Gari inapanda tuta upandeupande, foleni nyuma inapiga honi, watoto wa shule wamejipanga kunitazama. Juzi bodaboda kasimama pembeni yangu, kaniuliza bila hata kucheka: "Konda, Posta shilingi ngapi?"

Nikarudi ndani nikamwambia, jirani, wewe si ulisema hizi zinapandishwa na kushushwa? Ipandishe basi, inchi mbili tu, tufike kazini tukiwa binadamu. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Zikipanda gari inapoteza muonekano." Yaani mtu katoa hela ambayo mimi ningemwaga zege la msingi, kanunua kitu kinachorekebishika, halafu hakirekebishi. Kinachorekebishwa ni mimi.

Matairi ya nyuma nayo yanalika upande wa ndani, kwa nje ukiyaangalia ni mapya kabisa. Fundi kamwambia gari ikishushwa vile magurudumu yanalalia ndani, lazima akapime upya alaimenti, yaani ukaaji wa magurudumu, na afunge ile mikono ya chuma ya kushikia gurudumu, ya aina inayorekebishika. Baba Nasri kafurahi kama kaambiwa amepata mtoto. Kitu kingine cha kununua!

Na mvua zikinyesha, tope la mtaani kwetu linaingia kwenye zile nyuzi, ringi inaganda, haizunguki mpaka isuguliwe kwa brashi ya waya na kupigwa dawa ya kutu. Mswaki wa waya ameninunulia na mimi wa kwangu. Kaniambia Jumapili asubuhi tunanyanyua jeki, tunavua magurudumu yote manne, tunasugua.

Nimeshamwambia Jumapili nina kikao cha harusi Kibaha. Harusi ya nani, nitaijua nikifika hukohuko. Ila kuna tatizo: kasema atanipeleka.