Fonti za Enzi ya Roketi: Maneno Manne Yanatosha

Bango likitaka kufanana na kompyuta za kale, mbunifu hukimbilia fonti ya herufi zilizovimba upande mmoja. Fonti yenyewe haina kosa. Kosa ni kuipa kazi isiyoiweza.

Uvimbe ule ulitoka kwenye hundi za benki. Tarakimu za E-13B, seti ya maandishi ya hundi, huchapwa kwa wino wa sumaku, na kila moja imenenepeshwa mahali pake ili mashine ipate wimbi lisilofanana na la nyingine. Seti nzima ina tarakimu 10 na alama 4, herufi hakuna hata moja. Herufi zilibuniwa baadaye na wasanifu: Leo Maggs kwa fonti ya Westminster katika miaka ya 1960, Bob Newman kwa fonti ya Data 70 mwaka 1970. Basi A na R zile ni pambo tupu, hazikuchorwa zisomwe na mashine wala zijaze aya.

Microgramma (1952) na Eurostile (1962), kazi za Aldo Novarese na wenzake wa Turin, ni ukoo mwingine: mraba wenye pembe laini. Hizo zina uvumilivu zaidi, ila hata nazo ningeziachia kichwa cha habari.

Kwa herufi zilizovimba, kiwango changu ni neno moja hadi manne, pointi 36 kwenda juu. Chini ya hapo mianya ya E na S huanza kuziba, na mng'ao wa neoni humalizia kazi: tundu la A likiwa na upana wa pikseli 5 nawe ukaweka mng'ao wa pikseli 6, unabaki na tofali. Nakili neno, nakala ya chini ndiyo uipe mng'ao, ya juu iache kavu na kingo kali, kisha lijaze tundu rangi ya mandhari. Halafu punguza picha hadi asilimia 20 uitazame.

Nafasi kati ya herufi ndipo wengi wanapoharibu. O ya duara husogezwa karibu na jirani yake kwa sababu mbavu zake zinakwepa. O ya mraba ina ukuta ulionyooka, kwa hiyo ipe nafasi karibu sawa na ya H. Ukiacha programu ipange yenyewe, kagua jozi za LT, AV na TA kwa jicho. Ukitaka kutanua neno zima, anza na 30 kati ya 1000 za ukubwa wa herufi. Usiivute fonti kwa upana kamwe: nguzo (mistari ya wima) zitanenepa, mihimili (mistari ya mlalo) ibaki ilivyo.

A isiyo na mhimili hupendeza, lakini D, O na 0 zikikaribia kufanana msomaji hubahatisha. Funika picha, mwonyeshe mtu neno peke yake. Akisita, badilisha herufi hiyo moja.

Kabla ya kulipia leseni, andika "ng'ambo" kwenye kisanduku cha majaribio. Fonti nyingi za aina hii zina herufi kubwa tu, na nyingine hazina hata ritifaa, ile alama (') ya ng'.